Neno Nililompa Mfamasia

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ameondoka. Naandika hivyo bila kutetemeka, maana mimi ni mwanamume na daftari ni jipya. Ameondoka asubuhi nikiwa naoga. Nimetoka bafuni na sabuni masikioni, nyumba kimya. Amechukua sanduku la kijani, pasi na mto wake. Redio ameniachia. Pasi ameichukua! Hapo ndipo nilipojua kuwa hatanii.

Barua hakuna. Ufunguo wake ameuacha mezani, kaufunika kwa kikombe.

Nimekaa kitandani kutafuta sababu. Jana nilisema chai imepoa. Juzi alirudi kutoka matembezini akaniuliza swali la ajabu, la mambo ya miaka minne iliyopita, nami nikacheka nikaanza kuongelea bati linalovuja. Nilikwepa vizuri mno, sidhani kama aligundua. Kwa hiyo ni chai.

Kwa atakayelisoma daftari hili nikishakuwa maarufu: mimi ndiye Koo la Dhahabu. Jina nimepewa na watu. (Nililianzisha mimi, watu wakalipokea.) Mwaka wa ishirini na nne sasa natia sauti filamu za kigeni kwenye ukumbi wetu. Watu wa kwenye picha wanaongea lugha yao, mimi nimekaa nyuma ndani ya kibanda na kipaza sauti, nawasemea wote kwa Kiswahili: mume, mke, polisi, mtoto, mbwa. Mvua natoa kwa mdomo. Risasi natoa kwa mdomo. Walichosema hasa ni jambo dogo, muhimu ni watu watoke wamefurahi. Na mlangoni, miaka yote hiyo, alikaa mke wangu akikata tiketi.

Nimeamua kumnyamazia. Sitambembeleza mtu. Nimenyamaza mpaka saa sita mchana, kisha nikamtumia ujumbe: “Chumvi iko wapi?” Akajibu: “Kwenye kopo la chumvi.” Dakika haijaisha! Mtu mwenye hasira hajibu haraka namna hiyo. Kesho jioni atakuwa hapa.

Yai nimelila bila chumvi. Kopo sikuliona.

Jumanne, 5 Machi

Hayupo hapa.

Nimekwenda kwa dada yake. Shemeji yangu ni fundi cherehani, mwanamke mwenye pini mdomoni saa zote, na hata akiwa nazo anakusema ukaumia. Mke wangu alikuwa chumba cha ndani. Nilisikia anakohoa. Hakutoka. Nikamwambia shemeji, kwa sauti ya kufika chumba cha ndani, kwamba chai ya nyumbani kwetu haijawahi kupoa, nilikosea, ilikuwa ya moto kabisa. Shemeji akatoa pini moja akasema si chai.

Akaniambia ni filamu. Jumamosi mke wangu alikwenda kutazama filamu, akarudi si yule aliyetoka.

Nikauliza ukumbi gani. Shemeji akanitazama kwa huruma. Ni kwa Kasuku.

Kwa Kasuku! Nimelazimika kukaa juu ya vitambaa vya watu. Mke wa Koo la Dhahabu, kwa miguu yake, amekwenda kumsikiliza Kasuku! Kuondoka nyumbani ningeweza kumsamehe kidogo kidogo. Kijana yule (ana miaka hamsini, lakini nilimfundisha mimi) alikuwa akinibebea nyaya. Sasa ana ukumbi ng'ambo ya barabara, na kazi yake ni kurudia kilichosemwa. Basi! Hatii chumvi, hatii pilipili. Watu wa kwenye picha wakinyamaza, naye ananyamaza. Watu wananunua tiketi kwenda kusikiliza kimya! Ndiyo maana nikamwita Kasuku, jina likamganda, na yeye halimuudhi, jambo ambalo linaniudhi mimi.

Nilipoinuka kuondoka, shemeji akaniomba kitu. Akasema amesikia nina kipaji cha kuiga milio. Je, naweza kumtolea mlio wa simu inayokatikakatika? Ile hali ya mtandao mbaya?

Nikamwambia nina mafua. Kule ndani kikohozi kikakoma.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kuiona hiyo filamu mwenyewe. Onyesho la saa tisa alasiri. Nilivaa miwani myeusi na kofia ya marehemu baba, nikakaa mstari wa nyuma. Taa hazijazimwa Kasuku akasema kwenye kipaza sauti kwamba leo tumepata heshima, mwalimu wake yuko ukumbini. Ukumbi mzima ukageuka. Nikavua miwani. Kofia nilibaki nayo.

Filamu yenyewe sasa. Kuna mfamasia wa mji mdogo wenye baridi. Anapima dawa kwenye mizani, anafuta kaunta, anaandika lebo kwa mwandiko safi. Mke anauza, yeye anapima. Siku moja inakuja barua kwamba mama wa yule mke amezidiwa, aje upesi. Barua inampata mume. Wiki ile ile mkaguzi wa serikali anakuja kukagua duka, na mume hawezi kusimama peke yake. Anaisoma barua mara mbili. Anaikunja. Anaitia kwenye droo, chini ya chupa za iodini, kisha anamwambia mkewe afute vioo.

Nachukia kuandika hivi: ni filamu nzuri. Imetengenezwa na mtu anayejua kazi. Kuna mahali mke anafuta vioo huku anaimba kidogo, na mume anatazama droo, na hakuna anayesema kitu kwa muda wa kufunga kamba za viatu vyote viwili. Kasuku naye kimya. Nilitaka kupiga kelele nimjazie maneno. Mama mmoja mbele yangu akavuta pumzi, nikasikia.

Lakini yule mtu! Sijaona mtu wa kuchukiza kama yule. Hapigi, halewi, hatukani. Anakula supu yake vizuri. Unangoja afanye jambo moja la kumpenda, hafanyi. Mama mkwe anafariki, mke hakuzika. Baadaye anatafuta iodini ya kidonda, anaiona barua na tarehe yake. Anampiga mumewe kofi moja, anavaa koti. Mwisho wako stesheni. Mke ameketi kwenye benchi, treni bado. Mume anafika anahema. Mke anamtazama, anamngoja aseme. Uso wake uko wazi kama mlango. Mume anafungua mdomo, anasema: “Ufunguo wa kabati la sumu uko wapi?”

Hapo mwandishi ameharibu. Hakuna mwanamume duniani anayeweza kuuliza kitu cha kipuuzi namna hiyo saa kama ile.

Nimetembea kurudi nyumbani na kofia mkononi. Sasa niandike, maana daftari halina mdomo.

Miaka minne iliyopita mama mkwe alikuwa anaumwa, shemeji amekwenda kumuuguza. Simu ya mke wangu ilikuwa kwa fundi. Alhamisi shemeji akapiga kwangu, akasema mama amezidiwa, mwambie mdogo wangu aje leo hii. Nilimsikia vizuri, kama amekaa pembeni yangu. Lakini jioni ile tulikuwa tunafungua filamu ya siku tatu, foleni imezunguka jengo, na nani angekata tiketi? Mama mkwe alishawahi kuzidiwa mara mbili akapona. Nikafikiri, siku tatu tu. Basi nikatoa mlio wa mtandao mbaya. Kwa mdomo. Krrr, haloo, krrr, haloo shemeji, sikusikii. Nikazima simu mpaka Jumapili.

Mama alifariki Jumamosi. Mke wangu alikuta watu wanakunja mikeka.

Ulikuwa mlio mzuri sana ule. Wote wawili waliuamini miaka minne. Sijawahi kutoa mlio mwingine nikatamani usingetoka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka na jawabu! Nimelia kidogo, nimeoga, jawabu likaja na maji.

Tatizo si mimi. Tatizo ni tafsiri. Mke wangu ameiona filamu kwa mdomo wa Kasuku, ambaye hana ubunifu, akamchukia yule mfamasia, na chuki ikamwagikia kwangu. Mfamasia akisafishwa, mimi pia nimesafishika. Nitaitia sauti upya! Mke wangu ataisikia kama inavyotakiwa kusikika, atajua kwamba mwanamume anaweza kuficha barua kwa nia njema, na sanduku la kijani litarudi.

Nimekwenda kwa Kasuku kumwomba nakala. Nilijiandaa kwa vita, hoja sita kichwani. Akanipa palepale, akanifutia vumbi kwa shati lake. Akaniuliza nyumbani hawajambo. Nikasema wazima kabisa. Akanitazama, akasema, “Mwalimu, ukitaka mtu wa kwenda naye mahali, mimi nipo.” Nimeshindwa kuelewa ana hila gani.

Kutwa nimeandika. Barua: sasa imeandikwa na mama mkwe mwenyewe, anamsihi mkwewe asimwambie binti, moyo wa binti ni dhaifu, atakufa njiani. Safi! Mfamasia sasa amebeba siri peke yake kwa mapenzi. Ile droo ndiyo moyo wake. Kofi nitalitafutia njia.

Kazi ngumu ni stesheni. Mdomo wa yule mtu unafunguka mara chache mno. Nilimwandikia toba ya ukurasa mzima, yenye utoto wake, baridi, na mkaguzi wa serikali. Haiingii. Nikapunguza. Haiingii. Nikakata utoto, nikakata baridi, nikakata mkaguzi. Mwisho limebaki neno moja: “Nisamehe.” Likaingia sawasawa.

Nimelijaribu mbele ya kioo. Nilipolisema kwa sauti ya mfamasia, machozi yakatoka. Nikajaribu kwa sauti yangu mwenyewe, ya kawaida, nione tofauti. Sauti yangu mwenyewe ni nyembamba. Ilifika kwenye “nisa” ikagoma.

Nimeacha. Ya mfamasia inatosha.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Ukumbi, yule mjane mwenye jengo letu, hakupenda. Akasema watu wa Jumamosi wanataka mapigano na wewe unaleta mtu anayepima dawa. Nikamwambia ni suala la uhai na kifo. Akauliza la nani. Nikasema la sanaa. Akasema sawa, lakini tiketi nani anakata siku hizi, maana tangu Jumatatu anakata yeye na magoti yanamuuma. Nilitazama kile kiti cha mlangoni. Bado kina kile kitambaa mke wangu alichoshona ili msumari usimchome.

Nimempelekea shemeji barua ya mwaliko. Nimeeleza kwa heshima kwamba Kasuku, mtu mwema lakini asiyejua lugha, alikosea kutafsiri sehemu nyeti, na kwamba tafsiri sahihi itatolewa kesho saa kumi alasiri. Shemeji akaisoma na pini mdomoni. Akaingia ndani. Nikasikia wanaongea kwa chini. Kisha nikasikia mke wangu anacheka, kicheko kifupi, cha puani. Siku tano sijakisikia! Nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyewekewa kiti.

Shemeji akatoka akasema atakuja.

Atakuja! Nimenyoa ndevu. Nimekunywa maji moto na asali. Shati halikupigwa pasi, sababu inajulikana, nimelilalia chini ya godoro. Nimeweka kiti mstari wa pili, katikati, pasipokuwa na nguzo.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Ukumbi ulijaa. Watu walisikia kwamba Koo la Dhahabu na Kasuku wanapambana kwa filamu moja. Kasuku mwenyewe alikuja, akanunua tiketi, akasimama ukutani. Mke wangu alikuja na dada yake. Amevaa gauni la bluu. Hakutazama kibandani. Akaketi pale pale nilipoweka kiti.

Mwanzo vizuri. Mfamasia anapima, mimi namsemea mambo matamu kwa mizani. Ikaja barua. Nikaisoma kwa sauti ya kikongwe, usimwambie binti yangu, moyo wake, moyo wake. Sasa ubaya wa filamu iliyotengenezwa vizuri ni huu: uso wa yule mtu haukubali. Mimi namsemea maumivu ya mapenzi, na yeye usoni anahesabu siku za mkaguzi! Nikasema, “Ee Mungu, nipe nguvu ya kubeba siri hii,” na yeye muda huo huo anachokonoa jino.

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu. Kisha wa pili.

Nikaongeza chumvi. Ukawa ndio msiba. Yeye anakunywa supu, mimi nasema kila kijiko ni chozi. Wakaangua. Likaja kofi. Nilikuwa nimeandika, “Pokea kofi hili, shujaa wangu, la shukrani!” Nikalisema. Wakapiga meza, wakapiga viti, mwanamume mmoja akatoka nje kwa kucheka. Filamu ile iliyomfanya mama wa mbele yangu avute pumzi Jumatano! Mama Ukumbi, aliyekuwa analalamika magoti, alikuwa amejishika mbavu mlangoni.

Mimi kibandani nilikuwa namtazama mtu mmoja tu. Kisogo chake hakikutikisika.

Ikafika stesheni. Benchi, koti, uso wa yule mwanamke. Watu walikuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko. Mfamasia akafika anahema. Akafungua mdomo. Nikasema, “Nisamehe.”

Sijui nini kilitokea. Sauti niliyoiandaa haikutoka yote. Ilitoka nusu yake na nusu nyingine ambayo siijui. Ukumbi ukanyamaza, ghafla, wote. Mstari wa pili nikaona mkono unakwenda usoni.

Taa zilipowashwa watu walitoka bila kelele. Yeye akaja mpaka mlango wa kibanda. Miaka ishirini na minne hajawahi kuingia humo ndani, alisema ni kama kuingia mdomoni mwa mtu. Hakuingia na leo.

“Nimekusikia,” alisema. “Yule mtu umempa neno zuri. Hakukuomba, umempa bure. Mimi nimelingoja miaka minne, sijui kama umebakiwa nalo.”

Nikataka kueleza kuhusu tafsiri. Akainua mkono.

“Ile krrr niliisikia nikiwa jikoni, na nilikuwa naijua: ni mlio wa mlango wa mama, ule unaoutoa kwenye filamu zako. Nilijua mlango wenyewe haujafunguliwa. Nilikataa kuijua, kwa sababu nilikuwa na wewe. Mfamasia amenichosha kukataa.”

Akasema ile nyumba ya mama iko tupu, atakwenda kukaa huko. Kesho, basi la saa kumi na moja jioni. Tiketi anayo. Kisha akasema polepole, kama anavyomwelekeza mtu kiti chake gizani:

“Njoo kwa dada saa tisa. Usije na kipaza sauti. Niambie wewe, kwa sauti ile ile unayoulizia chumvi. Ukiniambia, sipandi basi.”

Akaondoka. Kasuku alikuwa bado ukutani, anatazama viatu vyake.

Saa tisa. Neno moja. Hata mtoto anaweza! Nalia na nacheka, daftari limelowa.

Jumapili, 10 Machi

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi nikajaribu sauti. Haikufaa. Nyembamba, kavu, ina mikwaruzo. Nikawaza: mwanamke amengoja miaka minne, nitampelekea kitu kama hiki? Huwezi kumpelekea mtu zawadi ndani ya gazeti la juzi. Neno kama lile linataka kina. Na nikifika pale nikagoma kwenye “nisa”, kama mbele ya kioo, itakuwaje? Nisimame na mdomo wazi, kama yule mpumbavu wa stesheni?

Yeye alisema nisije na kipaza sauti. Hakusema chochote kuhusu spika.

Basi nikaenda ukumbini kurekodi. Nilianza saa nne. Mara ya kwanza gari lilipiga honi. Mara ya tatu nilisema vizuri lakini bila muziki lilikaa uchi, nikatafuta filimbi. Mara ya saba filimbi ilinifunika. Mara ya tisa nikaongeza mvua kidogo kwa mdomo, mvua ya mbali, ya majuto. Mama Ukumbi akachungulia akasema ni saa nane na nusu, na kwamba kama ni yeye angekuwa ameshafika, tena peku. Nikamwambia sanaa haina saa.

Kasuku akaja. Yule mtu haachi! Akasema amepita tu, akasema ana baiskeli, atanipakia. Nikamwambia asikilize kwanza rekodi ya kumi na moja. Akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akaniambia, “Mwalimu, nenda ukaseme tu. Hata vibaya.” Nikaelewa mara moja. Anataka nishindwe! Ushauri wa mtu ambaye filamu ikinyamaza naye ananyamaza!

Rekodi ya kumi na nne ndiyo. Saa kumi kasorobo. Kamilifu! Nikaitia kwenye flashi, nikachukua ile spika ndogo, nikatoka mbio. Nimechelewa, ndiyo, lakini basi ni saa kumi na moja, muda upo. Njiani nikaijaribu. Betri zimekufa.

Jumapili. Duka la kwanza limefungwa. La pili lina betri nyembamba tu. La tatu mwenye duka anasali, nikamngoja nje, huku nimeikumbatia spika. Naandika ukweli: kutoka duka lile mpaka kwa shemeji ni hatua mia mbili. Nililiona paa. Ningeweza kwenda bila betri. Niliwaza hivyo, kisha nikawaza sauti yangu, nikaendelea kungoja.

Nilifika saa kumi na moja na dakika ishirini.

Uani palikuwa na viti viwili vinatazamana. Kimoja kimesogezwa nyuma kidogo, mtu ameinuka. Kimoja hakijakaliwa. Vikombe viwili, kimoja kitupu, kimoja kimejaa, chai imeganda utando juu.

Shemeji alikuwa anakunja kitambaa. Kwa mara ya kwanza hana pini mdomoni. Akasema mdogo wake alikaa pale tangu saa nane na nusu, sanduku liko ndani, alikataa litolewe nje kabla ya saa kumi. Saa kumi akasema tungoje kidogo, mtu huyu hana pasi, labda ananyoosha shati. Saa kumi na nusu akaingia ndani akalitoa mwenyewe.

Nikaiweka spika juu ya kiti kile kisichokaliwa nikabonyeza. Filimbi, mvua, kisha “Nisamehe,” nene, ya kina, imejaa ua mzima. Sijawahi kutoa kitu bora zaidi ya hicho.

Shemeji alisikiliza mpaka mvua ikaisha. Akauliza, “Hii sauti ni ya nani?”

Kisha akaketi kwenye kiti cha mdogo wake akalia. Nami nikalia. Tulikaa hivyo mpaka spika ikajizima.

Jumatatu, 11 Machi

Siku mpya. Nimetafakari kwa utulivu, kama mtu mzima, na nimeona kosa lilikuwa wapi.

Kosa ni filimbi.

Ilikuwa inafurahisha mno. Jambo zito namna hii linataka kinanda. Nitarekodi upya wiki hii, Mama Ukumbi amekubali kunipa asubuhi zote (hakukubali, alisema “fanya unavyotaka” akiwa ameketi kwenye kile kiti cha mlangoni, anasugua magoti). Nitaituma flashi kwa basi, pamoja na spika, na betri nene pakiti mbili ili asipate shida. Ataisikia akiwa uani kwa mama yake. Nadhani nitaiweka na mlio wa mlango unaofunguliwa. Mlango wa mama mlio wake naujua.

Kasuku amekuja asubuhi na mkate. Tumekula kimya, na lazima nikiri kimya chake akiwa karibu si kibaya sana. Amenipa pasi yake ya zamani. Nikamuuliza, kitaalamu tu, kama mvua niibakize. Akainuka akavisuuza vikombe vyote, hata kile mke wangu alichofunikia ufunguo wake. Ufunguo akauacha palepale.

Alipoondoka nikashika simu. Nikaandika neno lile. Herufi nane tu. Nikalitazama. Likionekana hivyo, bila sauti, ni dogo sana, utadhani mtu kakosea kubonyeza. Nikalifuta. Nikaliandika tena. Nikalifuta.

Nikamtumia mke wangu: “Sukari iko wapi?”

Kopo la sukari liko hapa mbele yangu, ameliandika kwa mkono wake, SUKARI, na chumvi iko pembeni yake, CHUMVI. Lakini mtu lazima aanzie mahali. Akijibu “kwenye kopo la sukari” nitajua tuko pazuri.

Nimengoja tangu saa tatu. Sasa ni saa kumi, chai imepoa. Hajajibu.

Nadhani kule mtandao ni mbaya.